Mwalimu Yupi Akuandikie Barua ya Mapendekezo ya Chuo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi anayeomba nafasi ya shahada ya kwanza katika vyuo vya Marekani, ambako barua za walimu husomwa kwa makini kuliko karibu kwingine kote. Uingereza tumeigusia mahali pamoja tu. Majibu yetu yana upande, na tunausema mapema: tunamwamini mwalimu aliyekuona ukifanya kazi kuliko mwalimu mwenye cheo, na kuliko yule aliyekupa alama ya juu kabisa.

Nahitaji barua ngapi?

Hilo huamuliwa na chuo, si na wewe. Vyuo vyenye ushindani mkali kama Harvard, Yale, Princeton na Stanford huomba barua mbili za walimu wa masomo, pamoja na ripoti na barua kutoka kwa mshauri wa wanafunzi wa shule yako. Vipo vinavyoomba barua moja, na vipo visivyoomba hata moja. University of California, pamoja na kampasi zake zote, haiombi barua wakati wa kutuma maombi. Ukituma bila kuombwa unajisumbua bure.

Ukitumia Common App, mfumo wa maombi ya pamoja ulioanza mwaka 1975 na ambao sasa una vyuo zaidi ya 1,000, kila chuo unachoongeza kwenye orodha yako kitakuonyesha idadi ya walimu kinaowataka na idadi kinayoiruhusu. Hizo ni namba mbili tofauti. Chuo kikitaka walimu wawili na kuruhusu watatu, usikimbilie kujaza nafasi ya tatu. Barua ya tatu isiyo na jipya humchosha msomaji na kuzipunguzia nguvu mbili zilizotangulia.

Kwa wengi, basi, hesabu ni walimu wawili, na mmoja wa akiba moyoni endapo wa kwanza ataugua, atahama au atakataa.

Wawe walimu wa masomo gani?

Masomo ya msingi: hisabati, sayansi, lugha na fasihi, historia na masomo ya jamii. Vyuo vingine vinataja wazi. MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, inataka barua moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa fasihi, lugha au masomo ya jamii. Caltech, chuo kingine cha aina hiyo, inafuata mgawanyo unaofanana na huo. Hata ukiwa huombi chuo cha aina hiyo, mgawanyo huo ni mzuri kuufuata, kwa sababu barua mbili za walimu wa fizikia, hata ziwe tamu namna gani, zinaonyesha upande mmoja tu wa kichwa chako.

Anayeomba uhandisi asikose mwalimu wa hisabati au fizikia. Anayeomba fani ambayo haifundishwi sekondari, kama saikolojia au falsafa, asijali; achukue mwalimu wa somo lenye kusoma na kuandika kwingi.

Mwalimu wa muziki, sanaa au michezo huwa ni nyongeza, isipokuwa pale chuo au programu yenyewe inapomtaka.

Wa mwaka gani?

Miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Stanford, kwa mfano, inashauri walimu wa darasa la 11 au la 12. Mwalimu aliyekufundisha ukiwa na miaka 13 atamweleza mtoto ambaye hayupo tena.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya Kimarekani hulipita, kwa kuwa huko mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba. Maombi ya mapema mara nyingi hufungwa tarehe 1 Novemba. Kwa mwanafunzi wa huko, mwalimu wa mwaka wa mwisho anakuwa amekaa naye wiki chache tu, ndiyo maana huambiwa awaombe wa mwaka uliopita. Kama mwaka wako wa masomo unaanza Januari, ushauri huo haukuhusu vilevile: ifikapo Novemba mwalimu wa mwaka wa mwisho ameshakufundisha karibu mwaka mzima. Angalia kalenda ya shule yako, usiazime ya wengine.

Aliyekufundisha miaka miwili au mitatu mfululizo ana kitu ambacho wengine hawana. Ameona ulipoanzia.

Nina A kwa mwalimu mmoja na B kwa mwingine. Si niende kwa mwenye A?

Si lazima. Hili ndilo swali linaloharibu maombi ya wengi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Alama yako tayari iko kwenye rekodi ya masomo. Afisa udahili ameshaiona kabla hajafungua barua. Mwalimu akiandika kwamba ulipata A, hajaongeza lolote. Kazi ya barua ni kusema kile ambacho rekodi haiwezi kusema: ulifikaje kwenye hiyo alama, na wenzako walikuwaje ulipokuwa darasani.

Tazama sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na heshima, na amekuwa akifanya vizuri katika somo langu." Ya pili: "Katika jaribio la kupima ukali wa asidi, majibu ya kundi lake yalipishana na ya makundi mengine yote. Wenzake walitaka kunakili ya jirani. Yeye alibaki wakati wa mapumziko, akaosha bureti upya, akarudia mara tatu, kisha akanionyesha kwamba chupa iliyoandikwa kiwango fulani ilikuwa imechanganywa vibaya. Kosa lilikuwa langu." Mwanafunzi wa kwanza anaweza kuwa na A na wa pili B. Chuo kitamkumbuka wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mpitishe kila mwalimu kwenye kipimo kimoja. Mtu akimkuta chumba cha walimu, akamtajia jina lako ghafla, bila daftari la mahudhurio wala kitabu cha alama mbele yake, anaweza kusimulia jambo moja ulilolifanya? Si sifa, ni jambo. Akiweza, huyo ni mtu wako. Akibaki kusema "aah, yule ni kijana mzuri sana", mtafute mwingine.

Tahadhari moja: hatusemi uende kwa mwalimu ambaye kwake ulifeli na kukata tamaa. B iliyopandia kutoka D ina hadithi. B iliyoshuka kutoka A kwa uvivu nayo ina hadithi, ila si ya kusimuliwa.

Kwani fomu ya mwalimu inauliza nini hasa?

Mbali na barua yenyewe, kwenye Common App mwalimu hupewa jedwali la kukulinganisha na wanafunzi wengine aliowafundisha: uwezo wa kitaaluma, ubora wa uandishi, ubunifu wa mawazo, mchango katika mijadala ya darasani, uadilifu, namna unavyopokea kushindwa, kujali wengine, kujituma, na kadhalika. Ngazi zinaanzia chini ya wastani, zinapanda hadi asilimia 10 ya juu, asilimia 5 ya juu, na juu kabisa iko ya mmoja wa wachache bora aliowahi kukutana nao katika kazi yake. Anaulizwa pia amekujua kwa muda gani, na ni maneno gani yanayomjia kwanza akikufikiria.

Soma tena orodha hiyo. "Namna unavyopokea kushindwa" ni swali ambalo mwalimu aliyekuona ukifaulu tu hawezi kulijibu. Na "mchango katika mijadala" ni kikwazo kwa mkimya, lakini si mwisho wa safari: mwalimu anayekujua vizuri ataeleza kwamba huongei sana ila ukiongea darasa linanyamaza, au kwamba mijadala yako iko kwenye insha.

Mjomba wangu anafahamiana na mbunge. Barua yake haitasaidia?

Hapana. Kama mbunge hajawahi kukusahihishia insha, barua yake itasema tu kwamba familia yako inafahamiana na mbunge. Kuna vyuo ambavyo wasomaji wake huiona kama dalili ya kujaribu kupitia mlango wa uani.

Hiyohiyo kwa mkuu wa shule ambaye jina lako analijua kutoka kwenye orodha ya waliofaulu. Mkuu wa shule ana nafasi yake, tutaifikia.

Mwalimu wa tuisheni, kocha, kiongozi wa dini, bosi wa mahali nilipojitolea?

Hawa huingia kwenye nafasi ya mpendekezaji mwingine, pale chuo kinapoiruhusu, na hawachukui nafasi ya mwalimu wa darasani. Waombe tu kama wanajua sehemu ya maisha yako ambayo haionekani kwingine kwenye maombi. Msimamizi wa duka ulilofanyia kazi kila jioni kwa miaka miwili ili kusaidia nyumbani ana la kusema. Kocha wa timu uliyoichezea msimu mmoja pengine hana.

Dartmouth ina utaratibu wake: inamhimiza mwombaji apate pia barua ya rika, yaani rafiki, mwanafunzi mwenzake, ndugu wa makamo yake. Usiidharau kwa kudhani ni mchezo, wala usimpe rafiki atakayeandika utani mtupu.

Mama yangu ndiye anayenifundisha hisabati.

Tafuta mwingine. Hata barua iwe ya kweli neno kwa neno, msomaji ataisoma kama barua ya mama. Kama ndiye mwalimu pekee wa hisabati shuleni, chagua mwalimu wa sayansi, na mshauri aeleze hali hiyo kwenye ripoti ya shule.

Darasa letu ni kubwa sana. Hakuna mwalimu anayenijua hata kwa jina.

Hali hii ni ya wengi, na dawa yake inataka miezi, si wiki. Ndiyo sababu tunasema anza kufikiria barua mwaka mmoja kabla.

Usianze kwa kumbebea mwalimu begi wala kumsalimia kila anapopita. Huko ni kujipendekeza, na walimu wanakujua kabla hujafika. Anza na kazi. Ukirudishiwa mtihani, usiangalie alama na kuukunja. Nenda nao kwa mwalimu ukiwa umelifanya upya swali ulilokosa, umwulize kama njia yako ya pili ni sahihi. Rudia wiki mbili baadaye na jambo jingine. Omba kusimamia maabara baada ya kipindi. Kama shule ina klabu ya mdahalo au ya sayansi na mwalimu huyo ndiye mlezi wake, ingia na ufanye kazi isiyopendwa, kama kuandika kumbukumbu za vikao. Ndani ya muhula mmoja atakuwa na mambo mawili au matatu ya kusimulia, na wewe utakuwa umelielewa somo vizuri zaidi, ambalo si jambo dogo.

Kama umebakiwa na mwezi mmoja tu, mchague mwalimu ambaye una kazi zake za maandishi mkononi. Insha zenye maoni yake ya kalamu nyekundu zitamkumbusha wewe ni nani.

Nimwombe lini, na nianzeje?

Bora ni mwishoni mwa mwaka wa kabla ya mwisho, kabla walimu hawajazongwa na maombi ya wengine. Ukishindwa, mpe mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho. Wiki sita ni salama zaidi, hasa kama kuna mitihani ya kusahihishwa katikati.

Nenda ana kwa ana, akiwa peke yake, si koridoni kengele ikilia. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo Mwalimu. Naomba dakika tano zako. Ninaomba nafasi katika vyuo vya Marekani, na kila chuo kinataka barua ya mwalimu anayemfahamu mwanafunzi kwa karibu. Nimekufikiria wewe kwa sababu ya ule mradi wa takwimu ulionirudisha mara mbili. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Kama una kazi nyingi au unaona kuna mwingine anayenifahamu zaidi, Mwalimu, niambie tu, sitajisikia vibaya."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Inampa mlango wa kutokea bila kumvunjia mtu heshima. Mwalimu asiyetaka kukuandikia lakini akaona haya kukataa ataandika aya mbili baridi, na wewe hutajua kamwe.

Msikilize anavyojibu. "Bila shaka, tena nina la kusema" ni jibu. "Sawa, lete hiyo fomu nitaijaza" ni jibu pia, ila la namna nyingine.

Akikataa?

Mshukuru kwa dhati. Amekuokoa.

Nimpe nini cha kumsaidia?

Karatasi moja, kurasa mbili zikizidi. Walimu wengi wanaandika barua hizi usiku, baada ya kazi zao zote, na katika shule nyingi nje ya Marekani barua ya mwalimu imezoeleka kuwa aina ya cheti cha tabia njema: mistari mitano, jina, miaka aliyosoma, hana rekodi ya utovu wa nidhamu. Mwalimu anaweza kukuandikia hivyo kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Usimfundishe kazi yake, lakini mweleze kwa adabu kwamba wasomaji wa huko wanategemea ukurasa mzima wenye mifano.

Kwenye karatasi yako weka vyuo na tarehe za mwisho, ukianza na ya karibu zaidi. Weka fani unayoomba na sababu yake kwa sentensi mbili. Kisha weka matukio matatu au manne ya darasani kwake, kwa tarehe ukizikumbuka, bila kujisifu. Usiandike "nilionyesha uongozi." Andika "Muhula wa pili, kundi letu la wimbi la sauti: wenzangu wawili waliacha, nikagawa upya kazi, tukawasilisha siku mbili baada ya wengine." Sifa atazitoa yeye.

Kama kuna jambo la nyumbani lililoathiri masomo yako, ugonjwa, msiba, kuhama, amua kama unataka litajwe na umwambie wazi. Mara nyingi mahali pake ni barua ya mshauri, si ya mwalimu wa somo.

Na walimu wako wawili wasipewe karatasi ileile. Mmoja mpe matukio ya maabara, mwingine ya mijadala. La sivyo chuo kitapokea barua moja iliyoandikwa mara mbili.

Mwalimu ameniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini.

Linatokea mno, na mara nyingi mwalimu hana nia mbaya. Amechoka, au anadhani anakusaidia. Usikubali. Unapotuma maombi unathibitisha kwamba kila kilichomo ni cha kweli, na chuo kikigundua udanganyifu kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kukupokea. Kugundua si kazi ngumu kama unavyofikiri. Barua yenye mtindo uleule wa insha yako, yenye maneno yaleyale unayoyapenda, inajieleza.

Sababu nyingine ni ya faida yako: wewe huwezi kujiona kama mwalimu anavyokuona. Wanafunzi wakijiandikia barua hujaza sifa, kwa sababu hawakumbuki yale madogo yaliyomshangaza mwalimu.

Jibu la heshima lipo: "Mwalimu, barua hii haitakiwi kuandikwa na mimi, lakini nimekuandalia karatasi ya kumbukumbu yenye kila kitu." Kisha mpe karatasi. Akisisitiza, mtumie wa akiba.

Kumpa mwalimu rasimu iliyotungwa na programu ya akili bandia ni kosa lilelile kwa njia ya mkato.

Mwalimu anayenijua zaidi haandiki Kiingereza vizuri.

Mchague huyohuyo. Aandike kwa lugha anayoiweza, kisha barua itafsiriwe na mtu mwingine shuleni, kwa mfano mwalimu wa Kiingereza, au na mtafsiri rasmi, na zote mbili zitumwe pamoja. Soma maelekezo ya kila chuo kuhusu tafsiri. Mtafsiri asiwe wewe wala jamaa yako.

Na Kiingereza chenye makosa madogo hakimwangushi mtu. Afisa anayesoma maombi ya nchi nyingi anajua kwamba anayepimwa ni mwanafunzi.

Mwalimu hana barua pepe. Nimfungulie?

Hapana, hata kwa nia njema. Ukifungua anwani kwa jina la mwalimu na nenosiri unalo wewe, umejiweka mahali ambapo huwezi kujitetea, kwani barua itaonekana imetoka mikononi mwako. Common App humtumia mwalimu mwaliko kupitia anwani utakayoiandika, naye huingia mwenyewe na kupakia barua. Anwani ya shule ni bora. Kama shule haina, anwani yake binafsi inafaa ilimradi ni yake kweli. Kama teknolojia inamsumbua, mwalimu wa kompyuta au karani wa shule amsaidie, wewe ukiwa nje ya chumba. Vyuo hupiga simu shuleni pale vinapotilia shaka.

Nikubali kuachia haki ya kuisoma barua?

Ndiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 iitwayo FERPA inampa mwanafunzi aliyejiunga na chuo haki ya kuona kumbukumbu zake, barua zikiwemo, asipoiachia haki hiyo. Common App itakuuliza kabla hujamwalika mwalimu yeyote. Ukibakiza haki, walimu wengine watakataa kuandika, na msomaji atajiuliza kama mwalimu alikuwa huru kusema ukweli. Kama unaogopa mwalimu atakayoyaandika, tatizo si sheria, umemchagua asiyefaa.

Barua moja inakwenda vyuo vyote?

Kwenye Common App, ndiyo. Mwalimu anaipakia mara moja, na inakwenda kwa kila chuo ulichomuunganisha nacho. Kwa hiyo mwombe kwa upole asitaje chuo kimoja ndani ya barua. Maneno "nina hakika atang'ara Princeton" yakifika Yale yanachekesha, ila si wewe utakayecheka.

Kumbuka pia kwamba kumwalika na kumuunganisha na chuo ni hatua mbili tofauti. Wengi humaliza ya kwanza wakadhani kazi imekwisha. MIT ina mfumo wake nje ya Common App, kwa hiyo mwalimu atapata mwaliko wa pili. Mwambie mapema asidhani ni barua taka.

Shule yetu haina mshauri wa wanafunzi.

Nafasi hiyo hujazwa na mkuu wa shule, makamu wake au mwalimu wa taaluma. Huyu anaeleza shule yenyewe: ukubwa wa madarasa, masomo yanayotolewa, mfumo wa alama, na mahali ulipo miongoni mwa wenzako. Akijitahidi hapo anakusaidia kuliko unavyofikiri, maana B katika shule inayotoa A chache ina maana nyingine kabisa. Asiwe mmoja wa walimu wako wawili. Mtu mmoja kuvaa kofia mbili kunakupotezea mtazamo mmoja.

Nilimaliza shule mwaka jana.

Walimu walewale bado wanafaa, hata aliyestaafu au kuhamia shule nyingine. Wapelekee kazi zako za zamani, na uwaeleze kwa kifupi umekuwa ukifanya nini. Safari nyingine, omba barua kabla hujaondoka shuleni, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Na Uingereza?

Huko maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya nchi hiyo, na barua ni moja tu, kwa kawaida ikitoka shuleni. Tangu maombi ya kuanza masomo mwaka 2024 imegawanywa sehemu tatu: maelezo ya jumla kuhusu shule, hali zozote ngumu zilizoathiri masomo ya mwombaji, na mambo mengine yanayomhusu yeye mwenyewe. Masimulizi ya darasani hayana nafasi kubwa hapo. Mwalimu anayeijua fani unayoiomba ndiye anayefaa kuchangia.

Zimebaki siku tano na hajatuma.

Mkumbushe mara moja wiki mbili kabla na mara nyingine siku tano kabla, kwa ujumbe mfupi usio na lawama: "Mwalimu, nakukumbusha kwamba chuo cha kwanza kinafunga Ijumaa. Kuna chochote unachohitaji kutoka kwangu?" Wewe tuma sehemu yako kwa wakati bila kumsubiri, kwani maombi yako na barua ya mwalimu hutumwa kila moja kivyake. Vyuo vingi huvumilia siku chache kwa nyaraka za shule. Havivumilii kuchelewa kwako.

Nimpe zawadi?

Kabla ya barua, hapana. Baada yake, barua ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono inatosha, na majibu ya vyuo yakitoka mwambie, hata yakiwa mabaya. Mwalimu anayedai malipo ili aandike, achana naye, na umweleze mkuu wa shule.

Nimewekwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Nitume barua nyingine?

Soma kwanza barua uliyopokea. Vyuo vingine vinasema wazi havitaki nyaraka zaidi, na kuvipuuza kunakuharibia. Vinavyoruhusu, mchague mwalimu wa mwaka wa mwisho ambaye hakuandika mara ya kwanza na ameona jambo lililotokea baada ya maombi kutumwa: mradi uliokamilika, alama zilizopanda, mashindano. Barua iwe fupi, nusu ukurasa, na safari hii anaweza kukitaja chuo kwa jina, maana inakwenda huko peke yake.